Kabla Hujamuuzia Mteja Dawa ya Ukungu, Mwambie Ageuze Jani



Leo siongelei picha nzuri za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja wa "bei ya mwisho ngapi". Naongea na wewe unayeuza mbegu, miche, dawa za mimea au mboga kwa simu. Tuongee kuhusu ukungu wa mboga, na jinsi sisi wauzaji tunavyowatia wakulima hasara kwa haraka zetu za kufunga oda. Nasema "sisi" kwa sababu na mimi nimo.

Nina kaduka hapa Kirua Vunjo. Nauza mbegu, miche, kamba za kufungia nyanya, mabomba ya kupulizia na vipuri vyake. Oda nyingi zinaingia kwa WhatsApp, bodaboda anapeleka. Shule niliishia kidato cha nne. Mambo ya mimea nimejifunza kwa kusoma lebo, kumsumbua bwana shamba wa kata, na kwa kukosea. Kukosea ndiko kumenifundisha zaidi.

Kibali cha kuuza dawa za mimea sina. Ila nilikuwa nafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya: mteja anatuma picha, mimi natazama, nasema "hiyo ni ukungu mama, kuna dawa", nanunua duka la pembejeo mjini, bodaboda anapeleka. Kwa kila pakiti nabaki na shilingi 2,000. Hela nyepesi kabisa.

Mwezi wa saba mwaka jana mama mmoja wa huku juu akaniandikia: "Mangi, chainizi zangu zina unga mweupe." Akatuma picha moja, imepigwa jioni, giza giza. Mimi kichwani nilikuwa na mteja mwingine wa Januari, maboga yake yalikuwa na unga mweupe, akapuliza salfa, yakapona. Sikuuliza kitu. Nikamjibu, "Shikamoo mama. Hiyo ni salfa tu, kesho asubuhi unayo."

Akapuliza. Baada ya wiki akapuliza tena. Wiki ya tatu akanipigia simu: "Mwanangu, dawa yako haijafanya kitu. Njoo uone mwenyewe."

Nikapanda. Majani kwa juu yalikuwa na mabaka ya njano. Nikageuza jani moja. Ule "unga" ulikuwa chini ya jani, na haukuwa unga. Ulikuwa kama manyoya mafupi meupe, kama ukungu wa mkate uliokaa kabatini. Ulikuwa ni ugonjwa mwingine kabisa, na salfa haiuwezi. Wiki mbili zile ambazo angeokoa bustani, mimi nilimpa dawa isiyohusika. Vitanda sita tukang'oa pamoja. Aliniambia kwa upole tu kwamba zile chainizi ndizo alikuwa anazitegemea kwa michango ya shule ya mtoto. Nilimrudishia hela ya dawa yote. Chainizi sikuweza kumrudishia.

Kuanzia siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: muuzaji wa mtandaoni asiyeomba picha ya upande wa chini wa jani hana haki ya kutaja dawa. Ngoja nieleze kwa nini.

UKUNGU MWEUPE NI WA AINA MBILI, NA DAWA ZAKE HAZIINGILIANI

Wa kwanza unaitwa ubwiri unga. Ni kama mtu amemwaga unga wa sembe juu ya jani. Mara nyingi unaanza upande wa juu, madoa ya duara, halafu unatapakaa. Ukipitisha kidole, unafutika. Unapenda maboga, matango, matikiti, bamia na njegere. Ajabu yake ni kwamba hauhitaji jani lilowe. Unaenda vizuri siku kavu zenye joto la wastani, hasa mimea ikibanana kivulini. Mvua kubwa unaweza hata kuuosha.

Wa pili unaitwa ubwiri vinyoya. Juu ya jani unaona mabaka ya njano. Kwenye matango mabaka yana kona kona, kama yamekatwa kwa kufuata mishipa ya jani. Chini ya jani ndiko kuna vinyoya, vyeupe au vya kijivu, wakati mwingine vina rangi ya zambarau. Huu unataka jani lilowe kwa masaa kadhaa. Baridi, umande, ukungu wa asubuhi. Yaani Kirua ya mwezi wa sita na wa saba ndiyo nyumbani kwake. Unashika chainizi, kabichi, sukuma wiki, spinachi, vitunguu na matango.

Sasa sikiliza hapa. Huu wa pili, kitaalamu, si ukungu kamili. Kiumbe chake kiko karibu zaidi na mwani wa majini kuliko na ukungu wa kawaida. Ni ndugu wa bakajani chelewa, ule ugonjwa wa nyanya na viazi ambao wakulima wengi wanauita barafu. Ndiyo maana dawa nyingi zinazoua ubwiri unga hazimgusi. Salfa ni ya ubwiri unga. Ubwiri vinyoya unahitaji dawa za shaba, au zenye mankozebu, au zenye metalaksili. Ukimpa mtu moja badala ya nyingine, umeuza maji ya bei ghali.

Na hili jambo nchi yetu inalijua siku nyingi. Nenda Mtwara na Lindi, mwenye mikorosho atakuambia kuhusu salfa. Kule wanapigana na ubwiri unga wa mikorosho, na salfa wanaijua kama sisi tunavyoijua mbolea. Rudi huku Kilimanjaro, muulize babu mwenye kahawa. Atakutajia dawa za shaba, maarufu kopa, kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani. Wa Mtwara na wa Kirua wote wanasema "dawa ya ukungu", lakini kila mmoja ana kopo tofauti kwa sababu ana adui tofauti.

Hata historia ya shaba yenyewe inatokana na ubwiri vinyoya. Ufaransa, miaka ya 1880, mizabibu ilikuwa inaangamia kwa ugonjwa huo. Mtaalamu wa mimea aitwaye Millardet akagundua kwamba mizabibu ya kandokando ya barabara imebaki na majani mazima. Kumbe wenyewe walikuwa wanaimwagia mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu, waone kama imewekwa sumu. Akaufanyia majaribio, akatangaza matokeo mwaka 1885. Dawa iliyosaidia mashamba duniani ilianza kwa mtu mmoja kutazama jani vizuri.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTAJA DAWA

Haya nimeyahifadhi kwenye simu. Mteja akituma picha, namtumia yote kwa pamoja.

1. Ni zao gani? Usidhanie. Pilipili hoho kwa mfano inadanganya: ubwiri unga wake huonekana zaidi chini ya jani, na juu kunakuwa na njano. Bila kujua zao utachanganya.

2. Naomba picha mbili mchana, jani lile lile: juu, halafu ligeuze upige chini. Hii ndiyo kubwa kuliko zote.

3. Pitisha kidole. Unga unafutika au haufutiki? Kuna aina za maboga ambazo majani yake yana madoa ya fedha ya kuzaliwa nayo, kando ya mishipa. Hayafutiki na si ugonjwa. Vumbi la barabara nalo linafutika, lakini likifutwa jani lote linakuwa safi na madoa hayarudi. Kuna watu wamepuliza dawa kutibu vumbi.

4. Wiki mbili hizi hali ya hewa ikoje, na unamwagiliaje? Asubuhi au jioni? Kwenye shina au juu ya majani?

5. Umeshapuliza nini, lini, na unategemea kuvuna lini?

Mteja akijibu hayo matano, mara nyingi jibu linajitokeza lenyewe. Likigoma kujitokeza, mwambie ukweli, "hapa sina uhakika, chukua jani uweke kwenye mfuko wa karatasi, mpelekee bwana shamba wa kata." Kusema hujui hakupotezi mteja. Kinachopoteza mteja ni kujua kwa uongo.

KINGA, AMBAKO NDIKO KWENYE BIASHARA YETU

Wauzaji tunapenda dawa kwa sababu mteja mwenye hofu haulizi bei. Lakini mteja wa kinga ndiye anayerudi kila msimu. Haya ndiyo ya kumwambia, tena kabla ya mvua, sio baada.

Nafasi. Huku kwetu bustani nyingi ziko kwenye kihamba, chini ya migomba na kahawa. Kivuli na msongamano vinafurahisha ubwiri wa aina zote mbili. Punguza majani ya mgomba yanayofunika kitanda, panda kwa nafasi inayoandikwa kwenye pakiti ya mbegu, nyanya na matango yafungwe kamba yasimame. Hewa ikipita, jani linakauka haraka.

Maji. Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Tatizo la maji ya mfongo ni kwamba zamu ikikuangukia jioni huna ujanja, lakini hata jioni unaweza kuyapitisha chini kwenye mtaro badala ya kuyarusha juu ya majani. Jani lisilale limelowa.

Kubadilisha mazao. Chainizi, kabichi, sukuma wiki na brokoli ni ukoo mmoja. Ukitoa chainizi ukaweka kabichi hapo hapo, umebadilisha jina tu, ugonjwa umeukaribisha tena. Weka karoti, maharage au kitunguu, kisha zamu ya ukoo ule irudi baadaye.

Usafi. Majani ya kwanza yenye dalili yang'olewe mapema, jani likiwa kavu, yafukiwe mbali na bustani. Yasitupwe kwenye mfongo, maana mwenzako wa chini anayasubiri. Na usiingie kufanya palizi mboga zikiwa na umande, unausambaza ugonjwa kwa nguo zako mwenyewe.

Mbolea. Urea nyingi inatoa majani makubwa laini. Wateja wanayapenda sokoni, na ukungu unayapenda pia.

Mbegu. Baadhi ya pakiti, hasa za matango na matikiti, zina herufi ndogo: PM maana yake mbegu inavumilia ubwiri unga, DM ubwiri vinyoya. Muuzaji wa mbegu, hizo herufi ziandike kwenye tangazo lako. Hiyo ndiyo sababu ya mteja kulipa zaidi, na hakuna anayeitaja.

Halafu kuna maziwa. Usicheke. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha majaribio yake ya kupulizia maziwa mabichi ya ng'ombe kwenye maboga madogo yaliyokuwa ndani ya kitalu nyumba. Mchanganyiko wenye maziwa kuanzia asilimia 10 ulizuia ubwiri unga sawa na dawa za viwandani alizolinganisha nazo. Asilimia 10 ni lita 1 ya maziwa kwa lita 9 za maji. Huku karibu kila kihamba kina ng'ombe zizini, kwa hiyo kwa kitanda kidogo cha maboga inawezekana. Chuja vizuri yasizibe bomba, puliza asubuhi ya siku ya jua, rudia kila wiki, anza mapema dalili zikiwa chache. Ila kumbuka ni kwa ubwiri unga. Yale maziwa ukiyapeleka kwenye vinyoya vya chainizi, ni bora ungekunywa chai.

IKIBIDI DAWA

Kwanza, biashara ya dawa hizi inahitaji kibali cha TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na yenye makao yake Arusha. Kama huna kibali kama mimi, acha udalali. Mwelekeze mteja kwenye duka lenye kibali, umuandikie jina la ugonjwa na aulizie dawa iliyosajiliwa kwa zao lake. Na wewe unayepima dawa kwenye chupa za soda ili uuze kidogo kidogo, acha leo. Chupa haina lebo, haina kipimo, haina tahadhari, na mtoto anaijua kama soda.

Pili, soma yale maandishi madogo, sio jina kubwa la kibiashara. Pakiti mbili zenye rangi na majina tofauti zinaweza kuwa na dawa ile ile ndani. Mteja anadhani amebadilisha, kumbe anarudia. Ugonjwa ukipigwa na dawa ya aina moja kila wiki, unazoea. Inatakiwa kupishanisha dawa za makundi tofauti.

Tatu, salfa isipulizwe juani kali, inaunguza majani, na matango na matikiti mengine hayaivumilii. Asubuhi mapema au jioni. Na dawa yoyote, mpulizaji avae glovu, barakoa, buti na nguo ndefu. Ukiuza bomba bila kutaja glovu, biashara yako umeifanya nusu.

Nne, siku za kusubiri. Kila lebo inasema mboga ivunwe siku ngapi baada ya kupuliza. Hapa ndipo swali la tano linapookoa mtu. Chainizi ya kuvunwa kesho haina dawa ya kuipuliza leo. Imeisha hiyo, toa majani mabaya, vuna mazuri, au ng'oa.

NA WEWE UNAYEUZA MBOGA

Usidhani hili ni la wauza pembejeo peke yao. Wewe unayechukua mafungu Kirua au Marangu unapeleka oda mjini Moshi, swali lako ni moja: "Mama, mara ya mwisho umepuliza lini, na umepuliza nini?" Akisema juzi, mwambie utachukua siku za kusubiri zikiisha, na umpe oda yake ya siku hiyo kabisa ili asiogope kukuambia ukweli. Ukimuadhibu mkulima kwa kusema kweli, kesho atakudanganya, na mlaji ni mteja wako.

Masoko makubwa yameshaanza kubana. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa matumizi ya mankozebu kwenye nchi zake, wakati huku kwetu ni dawa ya kila siku. Wewe huuzi Ulaya, sawa. Lakini mteja wa mjini naye ana simu, anasoma. Siku atakapouliza mboga yako imepulizwa nini, uwe na jibu.

"UKIULIZA SANA MTEJA ANAENDA KWA MWINGINE"

Hili naambiwa sana. Ni kweli, wapo wanaoondoka. Kuna mtu alinijibu, "Mangi unauza au unafundisha?" akaenda kwingine. Sawa.

Lakini piga hesabu na mimi. Kwa yule mama nilipata shilingi 2,000 mara mbili, jumla 4,000. Kabla ya hapo alikuwa ananunua kwangu miche 300 kila awamu, mche shilingi 50, hiyo ni 15,000. Baada ya kung'oa vitanda alikaa miezi minne bila kununua hata mche mmoja, na majirani zake wawili nao wakanyamaza. Hela nyepesi ya 4,000 ilinifukuzia wateja watatu. Hiyo sio faida, huo ni mkopo wenye riba mbaya.

Alirudi mwezi wa kumi na moja. Hakutaka dawa. Alituma picha mbili za jani moja, la juu na la chini, na maneno machache: "Mwanangu, nimeshageuza. Hii ni ipi?"

Ilikuwa ni njano ya kawaida ya majani ya zamani. Hakuna ugonjwa. Nikamwambia ayatoe tu, asinunue kitu. Siku hiyo sikuuza hata pakiti moja. Jumamosi akaja mwenyewe dukani, akachukua miche 400.

Kwa hiyo leo kabla hujaposti ile "dawa kiboko ya ukungu wote", ifute. Hakuna dawa ya ukungu wote. Weka badala yake haya: "Una ukungu kwenye mboga? Nitumie picha mbili, juu na chini ya jani." Halafu tuambie hapa wiki ijayo wamekujibu nini.